Siku Kumi na Sita za Kumwokoa Bi Vishada

Jumamosi, 1 Agosti

Hukumu imetolewa. Sebuleni, wakati wa chai, mbele ya mashahidi wawili waliokuwa wanatafuna (Baba na Mama) na mmoja aliyesimama nyuma ya pazia (mimi).

Shangazi anamtaka Bi Vishada.

Niandike vizuri, maana huenda daftari hili likasomwa nikishakuwa mtu wa maana. Bi Vishada si mtu. Ni mmea wa marehemu Babu. Ni kichaka kidogo kinachoishi ndani ya kikapu kilichoning'inizwa darini, chumba cha kushonea, kati ya cherehani na dirisha. Ana majani mapana, magumu kama ngozi ya kiatu, na mishipa iliyonyooka kana kwamba imechorwa kwa chaki. Zamani, kila mwaka miezi ya baridi ikiisha, alikuwa anashusha maua ya waridi, kishada chini ya kishada, kama hereni za bibi harusi. Jina kampa Babu. Alisema mwanamke anayevaa hivyo huwezi kumwita ua tu, ni kumvunjia heshima.

Babu alituacha mwaka jana. Tangu hapo Bi Vishada hajatoa hata tumba moja.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na neno "mkubwa" hapo linafanya kazi kweli. Kasema ua la baba yake haliwezi kufia kwenye chumba kilichofungwa. Kwake kuna baraza ya vioo. Kwake kuna Bingwa. (Bingwa ni mwanawe, binamu yangu, umri wetu mmoja. Ana vyeti vingi hadi kimoja kimetundikwa chooni.) Mama akaomba tumpe ua muda. Shangazi akauliza muda wa nini, kwani ua linasubiri matokeo ya mtihani? Baba akamwangalia dada yake, akaiangalia sahani, akachagua sahani.

Mwishowe wakakubaliana. Jumapili ya tarehe kumi na sita Shangazi atarudi. Akikuta tumba, hata moja la dawa, Bi Vishada anabaki. Asipolikuta anaondoka naye, kikapu, kamba na yote.

Nilitaka kutoka nyuma ya pazia niseme neno kali. Nilikuwa nalo kabisa. Lakini pazia lilikuwa zito.

Jumapili, 2 Agosti

Siku ya mikakati. Nimejifungia chumba cha kushonea tangu asubuhi. Bado kinanukia chaki na kitambaa kipya. Cherehani imefunikwa shuka. Sanamu ya kuvalisha nguo imesimama pembeni na futi ya kupimia shingoni, kana kwamba Babu katoka mara moja kwenda kununua vifungo.

Niungame. Mimi ni mtu wa haya. Si haya ya kupendeza, ya kuinamisha macho. Ni haya ya kuzunguka mtaa mzima ili nisikutane na mtu anayelijua jina langu. Ni kwa Babu tu nilikokuwa nikiivua mlangoni pamoja na viatu. Nikitoka shule nilikuwa nakaa chini ya meza ya kukatia, nampa pini moja moja. Yeye pini ziko mdomoni, mimi haya iko mdomoni, hakuna aliyelazimika kuongea. Tumekaa hivyo miaka, na sidhani kama nyumba hii ina watu wengine waliowahi kusikilizana vile. Bi Vishada juu yetu akidondosha maua mezani, Babu akiyapuliza yasiguse kitambaa cha mteja.

Akiondoka, chumba kitabaki kuta nne. Mama ameshaanza kukiangalia kwa jicho la kuweka ndoo, na mbili zimeshaingia.

Kwa hiyo: elimu! Nina kitabu cha maua cha maktaba ya shule, nilikiazima kabla ya likizo. Kimeandikwa kwa lugha ya shule. Mimi nina lugha mbili na zote hunikimbia mbele za watu. Nikiulizwa kwa ile, jibu linanijia kwa hii. Kwenye karatasi lakini nazimudu zote. Nimesoma kama tunavyosoma kwa ajili ya mtihani, yaani muhtasari tu mwishoni mwa kila sura. Muhtasari wa sura ya nne umeniamsha: ua lisilochanua mara nyingi lina njaa.

Njaa! Mwaka mzima tumemwacha mjane wa watu na njaa.

Kulikuwa pia na sura ya tisa, ya mimea inayoishi juu ya miti, na picha iliyofanana kiasi na Bi Vishada. Ila ilikuwa ndefu na haikuwa na muhtasari.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Miche, anayeuza miche pale kona, mwenye kofia pana kama ungo. Njiani nimeirudia sentensi yangu mara thelathini: shikamoo, naomba udongo mzuri wa ua lisilochanua. Nikafika. Akaniuliza, haya binti, nikupe nini? Sentensi ikatoka mbio. Nikanyoosha kidole.

Nimerudi nyumbani na mche wa pilipili.

Mama amefurahi mno. Kasema kumbe siku hizi nafikiria mambo ya nyumbani.

Jumanne, 4 Agosti

Safari hii sentensi niliiandika kwenye karatasi, nikampa Mama Miche mkononi. Nilidhani nimemaliza kazi. Akaisoma kwa sauti! Wateja watatu wakageuka. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: ua lenyewe ni la kukaa juu ya mti, au la ardhini?

Ukweli ni kwamba sikujua. Lakini kusema "sijui" mbele ya watu wanne ni jambo ambalo sijawahi kuliweza tangu nizaliwe. Nikafikiri upesi. Babu alimtundika darini kwa sababu sakafuni hapakuwa na nafasi, palijaa vitambaa. Ni wazi.

Nikasema: la ardhini. Kwa sauti nzito, ya mtu aliyezaliwa shambani.

Mama Miche kasema basi huyo atataka udongo mzito na samadi, na nisimwonee huruma. Kanipakia mfuko ambao nimeubeba kama mgonjwa.

Jumatano, 5 Agosti

Upasuaji umefanyika. Nimemshusha Bi Vishada na kufungua kikapu, na lo! Nilichokikuta humo kinasikitisha. Udongo hata chembe. Makumbi ya nazi, vipande vya maganda ya mti, na mkaa! Mkaa! Maskini Babu, mwishoni macho yalikuwa hayaoni vizuri, alikuwa anamtilia takataka akidhani ni mbolea. Mizizi mingine ilikuwa inaning'inia nje hewani, mitupu, haina hata aibu.

Nimetupa uchafu wote. Nimejaza udongo mzito, nimeushindilia kwa ngumi. Mizizi ya nje nimeikunja na kuifukia ndani, kama unavyomfunika mtoto blanketi miguuni. Juu nikatandaza samadi. Halafu maji, ndoo nzima.

Kikapu sasa hakinyanyuki, misumari ya dari ingeng'oka. Nimemweka mezani.

Wakati wa chakula Baba kauliza kama kuna panya aliyefia mahali. Nikatikisa kichwa. Tukaendelea kula, kila mtu akipumulia mdomoni.

Ijumaa, 7 Agosti

Bingwa kaja. Eti kupima. Kaja na futi na daftari lenye mistari ya rangi, anataka kujua Bi Vishada atachukua nafasi gani barazani kwao. Marehemu hajazikwa, warithi wanapima kitanda!

Kamwangalia Bi Vishada, ambaye majani yalikuwa yameanza kulegea kidogo. Kwa uchovu wa kushiba, nadhani. Kanusa. Kauliza mbona kama kalewa. Halafu kasema kitu kwa lugha ya shule, neno moja refu kama treni ya mizigo. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema anahisi maji yamezidi, na kwamba ingekuwa yeye angeangalia mizizi.

Jibu lilinijia saa moja baadaye nikiwa bafuni, na lilikuwa jibu la kumvua mtu vyeti. Nimeiambia sabuni.

Lakini mimi si mjinga. Bingwa ni jasusi wa upande wa pili. Akisema maji yamezidi, maana yake maji hayatoshi. Kuanzia leo namwagilia asubuhi na jioni.

Jumapili, 9 Agosti

Siku saba zimebaki. Majani yanazidi kuinama. Nimegundua tatizo: baridi. Nimemsukuma hadi kwenye ngazi ya nje, jua la saa sita limpige sawasawa.

Saa tisa nimekwenda kumwangalia. Majani matano yana madoa ya kahawia, kavu, yenye kingo. Nimeyajua mara moja madoa yale. Ni kama alama ya pasi.

Nilikuwa na miaka tisa. Babu alitoka kumsindikiza mteja, mimi nikasema ngoja nimsaidie, nikaiweka pasi juu ya mkono wa shati jeupe la mtu na kuanza kuota ndoto. Nilipozinduka, mkono ulikuwa na umbo la pasi, zuri, lililokolea. Nikaingia chini ya meza kusubiri kifo. Babu akarudi. Akalitazama shati. Akatoa pini mdomoni, akachukua mkasi, akakata mikono yote miwili. Mteja alipokuja akaambiwa mikono mifupi ndiyo inavaliwa na wakubwa siku hizi. Wiki ile wakaja watu wengine watatu kuomba mashati wakatiwe mikono.

Mimi sina cha kukata. Nimemrudisha ndani. Majani mawili yamebaki mlangoni.

Jumanne, 11 Agosti

Nimejaribu kumwimbia. Mama kaingia kuuliza nani anaumwa.

Jani la tatu limedondoka. Nimelibandika kwa pini.

Jumatano, 12 Agosti

Leo nimelia kidogo, tuyaache hayo.

Nilikuwa nimekaa chini ya meza ya kukatia. Siku hizi magoti yanagonga juu, lakini naingia. Nyuma ya mguu wa meza kuna gunia la mabaki ya vitambaa. Babu hakuwahi kutupa kipande. Alikuwa anasema kipande ni nguo ambayo bado haijampata mwenyewe. Nikaanza kuvitoa kimoja kimoja. Kaki ya sare za shule. Bitana la koti la mwalimu mkuu. Maua madogomadogo ya gauni la Mama la zamani, kabla sijazaliwa.

Na chini kabisa, kimekunjwa peke yake ndani ya gazeti, kitambaa laini, chepesi, cha waridi.

Waridi ileile.

Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwangalia Bi Vishada. Nikakiangalia kitambaa.

Mungu anisamehe. Mimi ni mjukuu wa fundi cherehani.

Ijumaa, 14 Agosti

Vidole vimetobolewa kama kichujio. Nimekata viduara vidogo, nimevivuta uzi katikati vikajikunja kama maua, nimevitunga kwenye nyuzi. Tumba moja lingetosha, najua. Mkataba unasema tumba moja. Lakini mkono ukishaanza hauambiwi. Nina vishada vinne, kila kimoja maua arobaini.

Nilikuwa juu ya kiti navifunga, mlango ukafunguka. Baba!

Kasimama. Kaviangalia vishada. Kaniangalia. Nikasubiri kuitwa mwongo, na ingekuwa haki yake. Akasema jana hapakuwa na kitu, kesho kutwa vishada vinne, dada yangu hana macho? Kavua kimoja, kakiweka mfukoni. Halafu akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande, vilevile alivyokuwa akifanya Babu mteja akijaribu suti. Kasema vya Babu vilikuwa vinaning'inia zaidi. Akapanda kiti mwenyewe, akavifunga upya, kwa fundo dogo la kishonaji ambalo sikujua kama analijua.

Nikamuuliza kajifunzia wapi. Kasema, "Unadhani chini ya meza ile ulianza kukaa wewe?"

Akatoka. Baba yangu anafanya kazi ofisi ya bima. Nimeishi naye miaka kumi na sita.

Jumapili, 16 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Shangazi kafika saa nne kamili, kavaa blauzi nyeupe, na Bingwa nyuma kabeba boksi la kusafirishia. Mimi nilikuwa tayari chumbani. Nimefunga pazia nusu. Nimegeuza majani ya madoa upande wa ukutani. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha, watu wakiwa wanasalimiana sebuleni, nikakumbuka maua ya kweli huwa yanang'aa kidogo asubuhi, kama yana umande. Nikachukua chupa ya maji, nikavinyunyizia vishada. Kwa wingi.

Wakaingia. Shangazi akasimama kizingitini. Akashika kifua. Akasema, "Hee! Jamani. Kachanua."

Ninyi msiowahi kufanikiwa katika jambo hamwezi kujua ladha yake. Niliionja kwa muda wa kama kumeza mate mara mbili. Bingwa alikuwa mdomo wazi. Boksi lilimponyoka. Mama alikuwa ananiangalia kwa namna ya mtu anayejumlisha. Baba alikuwa anaiangalia dari.

Shangazi akasogea, akaweka viganja chini ya kishada cha katikati, taratibu, kama anayepokea mtoto. Akafumba macho.

Tone la kwanza likamwangukia kifundoni mwa mkono. La pili kwenye mkono wa blauzi. Waridi. Halafu la tatu, la nne, halafu mchirizi.

Bingwa akasema, "Mama, ua linavuja."

Shangazi akafumbua macho. Akatazama viganja vyake. Akatazama blauzi. Akalichukua ua moja kwa vidole viwili, akalisugua, akalinusa. Nilikuwa nimeshapima umbali hadi chini ya meza.

Akageuka kwa Baba, polepole. Sauti yake haikuwa ya Shangazi, ilikuwa ndogo. Akasema, "Hiki si kile kitambaa?"

Baba akasema ndicho.

Na Shangazi akacheka. Si kicheko cha mtu mzima. Alicheka hadi akajikalia kwenye kiti cha cherehani, hadi akapiga meza. Baba naye akaanza, akashikilia sanamu ya nguo ili asianguke. Sisi wengine watatu tumesimama kama wageni kwenye msiba wa watu.

Hadithi ikatoka vipande vipande. Shangazi alikuwa na miaka kumi na mitano, anakwenda kupokea zawadi shuleni. Babu alikuwa fundi mpya, anataka mji wote uone kazi yake, akamshonea gauni la kitambaa kile. Alisahau kukifua kwanza kwa chumvi kishike rangi. Mvua ikawakuta njiani. Rangi ikaanza kumtiririka miguuni, watu barabarani wanapiga kelele mtoto kaumia, na Babu anakimbia nyuma yake na mwavuli akipaza sauti, "Ni rangi tu! Ni rangi tu, jamani!" Baba alikuwa mdogo, alibebeshwa viatu. Shangazi alipokea zawadi yake akiwa wa waridi hadi vidoleni. Wiki nzima haikutoka.

Hakuna aliyewahi kuniambia hadithi hii. Nilidhani Babu mzima nilikuwa naye mimi.

Kisha Shangazi akafuta macho (akajipaka waridi shavuni, hakuna aliyethubutu kumwambia), akainuka kumtazama Bi Vishada vizuri. Akachungulia kikapuni. Kicheko kikakatika.

Kauliza udongo huu wa nini.

Watu wanne wakanigeukia. Sentensi zote za lugha zote mbili zilikuwa zinatafuta mlango. Baba akafungua mdomo anisaidie, na mimi, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikamtangulia. Nikasema ni mimi. Nikasema niliulizwa kama ni ua la juu ya mti au la ardhini, na sikujua, na niliona aibu kusema sijui, nikasema najua. Nikasema maua nimeshona mimi. Nikasema humu ndani ndimo peke yake nilimokuwa siogopi, na Bi Vishada akiondoka itakuwa Babu kaondoka mara ya pili, na mara hii nimemwua mwenyewe.

Ni hotuba ndefu kuliko zote za maisha yangu. Kamasi ilikuwepo.

Shangazi akainamia kikapu. Akazamisha mikono kwenye udongo ule, na blauzi ikamalizikia hapo, akamng'oa Bi Vishada. Chini mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka.

Akanionyesha, bila kufoka. Kasema huyu hajawahi kuwa wa ardhini. Kwao ni juu, kwenye panda za miti mikubwa. Hamnyonyi mwenye mti, anapanga tu ghorofani. Anakula kinachopita, majani makavu, umande, hewa. Mizizi yake inataka kupumua, ndiyo maana Babu alimwekea makumbi na maganda. Mkaa ni wa kuzuia kuoza. "Wewe umemshusha, ukamzika, ukammwagia samadi," kasema. "Mwanangu, hata mimi nisingechanua."

Bingwa akauliza, basi Babu alikuwa anamwagilia lini? Swali zuri, nakiri kwa uchungu. Shangazi akawaza. Kasema hakumbuki kumwona akimwagilia kwa kikombe hata siku moja. Alikuwa anapiga pasi. Kila asubuhi anatandaza kitambaa chenye maji juu ya suruali, anakandamiza, mvuke unapanda. Bi Vishada alikuwa palepale juu, anaoga. Ikija miezi ya baridi kazi zinapungua, pasi inapumzika, naye anapata kiu kidogo, anadhani dunia inaisha. Hapo ndipo anapotoa matumba.

Tukaiangalia pasi wote. Ilikuwa na vumbi la mwaka mzima.

Baada ya hapo, kazi. Juu kulikuwa bado na matawi matatu mazima ya kukata na kuotesha. Bingwa akanyoosha mkono kuchukua mkasi wa Babu ukutani, na watu watatu tukapiga kelele kwa pamoja, Shangazi, Baba na mimi. Mkasi ule haukati kitu kingine ila kitambaa! Hata karatasi, hata uzi wa kiatu! Bingwa akaruka. Kaomba radhi kwa sanamu ya nguo. Nimefurahi hadi sasa.

Tukatumia kisu cha jikoni.

Hukumu: sheria ni sheria, tumba halikuwepo. Matawi mawili yanakwenda kwenye baraza ya vioo. Moja linabaki hapa, kwenye kopo lenye makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, limefunikwa mfuko wa plastiki ili libaki na unyevu, mbali na jua kali. Masharti: nisimlishe, nisimwogeshe, na zaidi ya yote nisimguse kwa wiki sita, maana mizizi inayochungulia ni laini kama nywele za mtoto, ukimtikisa inakatika anaanza upya. Wiki sita. Shangazi kalirudia hilo mara tatu, akinishika kidevu. Nikaapa.

Mlangoni kageuka. Kasema kwake nguo za kupiga pasi zinamlundikia, na umeme wa kule si wa kuaminika. Kila Jumamosi atazileta huku. Baba akasema umeme wa huku na wa kule ni mmoja. Shangazi akamwambia anyamaze.

Halafu akaniambia nitakuwa namshikia pini.

Jumanne, 18 Agosti

Amani. Mama katoa ndoo zake bila kuambiwa. Nimeifuta pasi. Nimekiloweka kile kitambaa cha waridi kwenye maji ya chumvi, kama ilivyotakiwa miaka ile.

Nimekuwa mtu mwingine. Nimejifunza kwamba haraka haina baraka, kwamba asiyejua aseme hajui, na kwamba ua linajua kazi yake kuliko mimi.

Bingwa kapiga simu asubuhi kusema matawi yao yanaendelea vizuri. Nikamuuliza kajuaje, na yamefunikwa? Kasema anaona tu. Anaona nini? Siku mbili! Ana maana gani, anaona?

Kwa hiyo nimemchomoa wangu. Kwa uangalifu sana, kwa vidole viwili. Hakuna mzizi. Nikamrudisha. Baada ya chakula nikamchomoa tena, kwa sababu mara ya kwanza mwanga ulikuwa mdogo. Hakuna. Saa kumi nilipata wasiwasi kwamba huenda nimemrudisha kichwa chini, nikahakikisha. Alikuwa sawa. Mama kapita, kauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikasema sijui, Mama, kwani si tumeambiwa tusimguse?

Kanisifu. Kasema nimekua.

Nimemchomoa sasa hivi, mara moja ya mwisho kabisa, ili nifunge ukurasa huu kwa habari za uhakika.

Bado.